Daraja la Likoni: Tunaliunga Mkono, Lakini Sahihi Bado

HOTUBA YA MWENYEKITI WA TAWI, MKUTANO WA JUMAPILI
(Imeandikwa kwa wanachama ambao hawakufika. Tafadhali isambazeni kama ilivyo, msikate.)

 

Nimeombwa nizungumzie daraja kwa sababu wiki nzima kundi letu limekuwa moto. Huyu anasema anayeuliza maswali ni adui wa Likoni. Yule anasema anayeunga mkono ameshapewa kitu kidogo. Jamani, tupunguze. Sote tunavuka feri ile ile na tunasukumana kwenye mteremko ule ule.

Hakuna wa kutufundisha hasara ya kukosa daraja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Harambee, mama na mtoto wake wakazama watu wakitazama, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa. Na usiku mgonjwa akizidiwa, Coast General iko ng'ambo. Mwenye uchungu wa kujifungua utamwambia asubiri feri igeuze? Wenzetu wa Kilifi nao walivuka kwa feri mpaka daraja lao lilipofunguliwa mwaka 1991. Kijana wa Kilifi leo foleni ya feri anaisikia kwetu tu.

Kwa hivyo daraja tunalitaka. Hilo nisije nikanukuliwa vibaya.

Sasa bei. Inayotajwa ni zaidi ya shilingi bilioni 80, na fedha nyingi ni mkopo wa Japani kupitia JICA, uliotiwa saini mwaka 2019 kwa awamu ya kwanza. Kwa nini ghali hivyo? Ni kwa sababu ya meli. Mlango wa Kilindini ndio njia ya kuingia bandarini, kwa hivyo daraja lazima liinuke mpaka meli kubwa ipite chini yake. Likiinuka hivyo haliwezi kuanzia pale kwenye feri. Linaanzia nyuma kabisa, ndani ya Likoni, na linashukia mbali ndani ya kisiwa. Huo mwinuko mrefu ndio unaopita kwenye nyumba zetu, na ndio unaomtupa mtu wa miguu nje ya hesabu.

Tufanye hesabu basi. Wanaovuka Likoni kwa siku wanatajwa kuwa zaidi ya 300,000. Magari ni kama 6,000. Wengi wetu tunavuka kwa miguu, na hatulipi hata senti. Mama anayepeleka madafu Marikiti atapanda mwinuko ule juani na beseni kichwani? Au atalipa tuktuk, na tuktuk ikitozwa ushuru wa daraja imuongezee nauli? Mwenye gari tayari ana barabara ya Dongo Kundu. Siku daraja likifunguliwa na feri ikaondolewa, mama huyu atakuwa amechukuliwa mkopo wa kumpa safari ndefu kuliko aliyokuwa nayo.

Msiseme naota. Reli ya SGR kutoka Nairobi iligharimu shilingi bilioni 327, ikaanza kubeba abiria mwaka 2017, ikawashusha Miritini. Kutoka Miritini kufika mjini ikawa ni kutafuta matatu. Nani kati yenu hajagombana na makanga pale na mizigo mkononi?

Wakati wa korona tulijengewa daraja la kuelea la Liwatoni, karibu shilingi bilioni 1.9, la watu wa miguu pekee. Kumbe mtu wa miguu anaweza kuhesabiwa wakitaka.

Jambo la nyumba ndilo linaloninyima usingizi. Wengi wetu Likoni nyumba ni yako, ardhi si yako. Mpimaji akija anauliza hati, na wewe una risiti za mabati. Katiba, kifungu cha 40, inasema ardhi ikitwaliwa fidia iwe ya haki na ilipwe yote bila kuchelewa. Na kifungu hicho hicho kinaruhusu anayekaa kwa nia njema bila hati naye alipwe. Soma vizuri: kinaruhusu. Hakilazimishi. Usipoonekana kwenye orodha kabla ya tingatinga, baadaye utakuwa ni mtu wa kuonewa huruma.

Kamati imekaa na msimamo wetu ni huu. Tawi linaunga mkono daraja. Lakini kwenye kikao cha kutoa maoni ya wananchi hatutatia sahihi karatasi yoyote mpaka iandikwe kwamba feri ya bure kwa watu wa miguu inabaki, na kwamba wenye nyumba wasio na hati wamo kwenye fidia. Ahadi ya mdomo hatuchukui, hata ikitoka kwa viongozi wa chama chetu wenyewe. Najua maneno haya yatafika juu. Yafike.

Kazi ya wiki hii: kila balozi wa mtaa apite nyumba kwa nyumba. Aandike jina la mwenye nyumba, miaka aliyokaa, wapangaji wangapi, na apige picha ya risiti yoyote iliyopo, hata ya maji. Orodha zimfikie katibu kabla ya Ijumaa magharibi. Wajane na wazee wasioweza kuandika waanziwe wao.