Tamari Akiwa na Miaka Arobaini



Habari ya Tamari katika 2 Samweli 13 tunaijua. Amnoni alimnajisi, Absalomu akamwambia anyamaze, akabaki mpweke nyumbani mwa kakaye. Baada ya hapo Biblia iko kimya. Mimi nauliza: alipofika miaka arobaini, tumbo lake lilikuwaje?

Nauliza kwa sababu akina Tamari tuko nao kanisani. Mama anakuja mbele kila maombezi: chini ya kitovu kunauma, tendo la ndoa ni uchungu mtupu, mume ananung'unika. Tunakemea roho. Hakuna anayeuliza alitendwa nini akiwa msichana. Si kila maumivu ya namna hiyo yametoka huko, hapana. Lakini ugonjwa wa zinaa ukikaa bila dawa unaweza kupanda hadi mirija ya uzazi, ukaacha makovu, mtoto akakosekana. Na hata bila kidonda, misuli ya nyonga iliyozoea kujikaza kwa hofu inaweza kujikaza miaka na miaka. Huyo mama hasingizii.

Lingine ni la hatari zaidi. Wengi walioumizwa hivyo hukwepa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, maana kile kitanda kinawarudisha siku ile. Na saratani hiyo ikionekana mapema inatibika! Dada, omba nesi wa kike. Nenda na mwenzako. Huna haja ya kusimulia yote, mwambie tu: "Niliumizwa zamani, tafadhali polepole." Ukisema asimame, asimame.

Msiniambie hospitali ni kukosa imani. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, na mwenyewe ni mchungaji. Alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, chini ya kanisa letu la Kipentekoste la huko, CEPAC, na 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Panzi hawatibu kizazi peke yake. Mwanamke anapata pia mshauri, msaada wa sheria, na namna ya kuanza maisha tena.

Sasa ninyi wazee, hii ya kumaliza kesi kwa mbuzi! Mkiwa mnajadili mbuzi, saa zinakimbia. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Mpelekeni msichana siku hiyo hiyo, kabla hajaoga, kituo cha afya kilicho karibu, kiwe Uganda au Kenya. Mambo ya ukoo yangoje.