Insafu ya Matuta

Wasikilizaji watukufu, ninyi mliojazana katika mabanda ya mpira hapa Mpanda, kutoka Nsemulwa hadi Makanyagio, usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, mtakumbuka kwamba Yanga na Mamelodi Sundowns, baada ya suluhu ya Dar es Salaam na suluhu nyingine ya Pretoria, hazikupewa hata dakika moja ya nyongeza, bali zilipelekwa moja kwa moja kwenye matuta, Yanga ikatolewa 3-2. Na kadhia hiyohiyo ilikwisha kuifika Simba mwaka uliotangulia, mbele ya Wydad, Casablanca.

Na kanuni isiyo na insafu hurekebishika: Marekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi, Buffalo Bills ilipotolewa na Kansas City Chiefs Januari 2022 pasina kuupata mpira katika muda wa ziada, kwa sababu ya sarafu tu, kanuni ya mtoano ilirekebishwa mwaka uleule. Nasi twaona kuwa timu zilizostahimiliana dakika 180 zastahiki nyingine 30, na CAF haina udhuru wa kuzinyima.