Gitaa Letu na Tarumbeta ya Johannesburg

(Mazungumzo yaliyotolewa katika chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache usiku huu, alidokeza kuwa ningeweza kuzungumzia utumishi wa umma. Naomba radhi. Mambo ya ofisini nayasema ofisini, tena kwa mafaili. Nitasimulia onyesho moja la muziki wa roki, na jinsi lilivyohusiana na gitaa lililotoweka katika bweni letu mwaka 1997.

Wale wa mwaka wangu hawajasahau. Tulikuwa wanne, kidato cha tatu. Tulichanga fedha zetu za matumizi kwa mihula miwili, tukanunua gitaa kavu lenye ufa mgongoni. Rafiki yangu wa kitanda cha juu ndiye pekee aliyejua kulipiga. Sisi watatu tulipiga ndoo na vifuniko vya masufuria, tukidhani tunamsaidia. Mjomba wake, baharia, alimletea kaseti ya The Joshua Tree, ya bendi ya U2 ya Ireland, iliyotoka mwaka 1987. Tuliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama paka.

Matokeo ya muhula yalipotoka nilikuwa wa 38 katika darasa la watu 42. Baba yangu akapanda lori kutoka Masasi, akaingia bwenini, akalichukua gitaa na kuondoka nalo. Hakuuliza ni la nani. Rafiki yangu hakunisemesha mpaka tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, na hata tulipopatana, jambo lile halikutajwa tena.

Miaka ikapita. Mimi Mlimani, kisha kazini; yeye akawa mhandisi huko Johannesburg. Mwanzoni mwa mwaka 2011 mzee wangu alipelekwa mji huo huo kufanyiwa upasuaji wa presha ya macho. Nilichukua likizo, nikaenda naye pamoja na mke wangu. Rafiki yangu akatukaribisha kwake bila kusita. Lakini niliona kwamba kila mzee alipoingia sebuleni, mwenyeji wetu alikumbuka kazi fulani ya kufanya jikoni.

Wiki ya tatu akaja na tiketi nne. U2 walikuwa wanakuja. Tatu zilikuwa zetu, ya nne ya jirani yake. Jirani akapata udhuru. Mzee hangeweza kuachwa peke yake katika ghorofa la watu asiowajua, na jicho moja limefungwa. Nikamwuliza kwa woga. Akajibu kwamba daktari amemkataza kukaza macho, hakumkataza masikio.

Basi Jumapili, tarehe 13 Februari 2011, tukaenda uwanja wa Soccer City, kando ya Soweto. Uwanja ule umejengwa kwa umbo la kibuyu, na ndipo fainali ya Kombe la Dunia ilipochezwa Julai 2010. Rafiki yangu, akiendesha gari, alitukumbusha kwamba tarehe hiyo hiyo mwaka 1990, siku mbili tu baada ya kutoka gerezani, Mandela aliwahutubia watu mahali pale. Mzee akasema anakumbuka. Alisikia habari redioni. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyopeana wawili hao siku nzima.

Ndugu zangu, mimi nimekwenda kwenye sherehe nyingi za kitaifa, lakini sijaona watu kama wale: zaidi ya 90,000. Jukwaa lilikuwa na miguu minne kama buibui, urefu wake kama mita 50, nalo limewekwa ili watu wakae pande zote kulizunguka. Mzee alilitazama kwa jicho lake moja, akauliza ni nani anayelipa umeme wake. Swali zuri, sikuwa na jibu.

Walitangulia wengine, wakiwamo Amadou na Mariam wa Mali, mume na mke, wote vipofu, waliokutana katika chuo cha vijana wasioona kule Bamako. Mzee aliwasikiliza kwa makini kuliko alivyoisikiliza hotuba yoyote. (Amadou amefariki mwaka 2025.)

Kisha wakaingia wenyewe. Mwajua bendi ile ilianzaje? Mwaka 1976 mvulana wa miaka 14, Larry Mullen, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule yake ya sekondari mjini Dublin, akitafuta wenzake wa kupiga muziki. Miaka 35 baadaye walikuwa wanne wale wale mbele yetu. Rafiki yangu aliponieleza hayo kwa kupiga kelele sikioni mwangu, sikuthubutu kumtazama.

Bono, mwimbaji, alivaa miwani myeusi. Mzee naye alivaa miwani myeusi ya daktari. Akamwinamia mke wangu: "Mwanangu, yule kijana naye anaumwa macho?" Tulicheka sana. Mwaka 2014 Bono alitangaza kuwa ana presha ya macho kwa miaka mingi. Nikampigia mzee simu. Akasema: "Niliwaambia."

Lakini nilitaka kufika hapa. Ulipofika wimbo wa I Still Haven't Found What I'm Looking For, ule ambao kaseti yetu ilikatikia, akapanda jukwaani mzee mmoja mfupi na tarumbeta yake. Uwanja ukalipuka. Alikuwa Hugh Masekela, miaka 71. Baba yangu akasimama. Tangu tulipofika hakuwa amesimama hata mara moja. Akanishika mkono, akasema, "Huyu ndiye mtoto wa Askofu wetu."

Nilidhani dawa zimempanda kichwani. Alikuwa na akili zake timamu. Masekela alikuwa mvulana mtundu katika shule ya Mtakatifu Petro, pale pale Johannesburg, na padre aliyeilea shule ile, Trevor Huddleston, akamtafutia tarumbeta ili atulie. Padre huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu wetu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Baba yangu aliwekewa mikono naye. Hadithi ya tarumbeta aliisikia kanisani, na kwa miaka yote ile hakuwahi kumwona yule mtoto wala kusikia pumzi yake. Alisimama mpaka tarumbeta iliponyamaza, machozi yakimtoka chini ya miwani, na mimi nikiwaza kuhusu ile bandeji ya daktari.

Tulirudi usiku wa manane. Garini kimya. Tulipokuwa karibu kufika, mzee akasema kutoka kiti cha nyuma: "Lile gitaa lenu niliuza kwa fundi baiskeli. Fedha ile iliingia kwenye ada ya muhula. Sikuuliza ni la nani, maana ningeuliza nisingeweza kulichukua."

Rafiki yangu aliendelea kuendesha. Nilihesabu taa tatu za barabarani.

"Alikupa kiasi gani, baba?"

Mzee akataja bei.

"Alikupunja," rafiki yangu akasema, akaanza kucheka mpaka ikabidi asimamishe gari pembeni. Mzee naye akacheka. Mke wangu alituona wehu. Asubuhi yake niliwakuta wawili hao mezani wanakunywa chai, mwenyeji akimwonyesha mgonjwa jinsi ya kushika vidole vya kushoto kwenye mpini wa mwiko.

Mzee alitutoka mwaka 2016. Masekela alifuata Januari 2018. Rafiki yangu hakuweza kusafiri safari hii, na anawasalimu nyote, hasa waliokuwa wakipiga ndoo.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa jambo la utekelezaji. Sisi watatu tuliobaki nchini pamoja naye tumechanga tena. Gitaa liko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, halina ufa. Nyuzi za akiba zimo mfukoni mwake. Tumemwomba asilifungie kabatini, naye amekubali mbele ya Katibu.