Usiuze Mkorosho Ungali na Maua

Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, nanyi wahitimu wa kidato cha nne:

Risala nimeisikia. Mmeomba kompyuta, uzio na matundu ya vyoo. Naona mmenipigia hesabu kwa magari ninayoendesha kwenye tamthilia. Wanangu, yale ni ya kuazima. Mwongozaji akisema "kata", mwenyewe anachukua funguo. Ahadi yangu nitaitaja mwisho.

Nilitoka hapa hapa Marambo, mkoani Lindi, nikafika Dar es Salaam enzi za mwigizaji Steven Kanumba, sura yake imebandikwa kila kibanda. Nikapewa nafasi ya hausigeli kwa sababu, niliambiwa, "lafudhi yako ya kusini inafaa." Nimefagia uwanja kwenye filamu nane! Mtu wa Lindi akiingia kwenye filamu zetu, ama anafagia, ama ni mganga. Hili nitalisema kila nikishikishwa kipaza sauti.

Ila kilichonigharimu si lafudhi. Filamu ya kwanza niliyoibeba mwenyewe tuliipiga siku sita, nyumba moja Sinza. Usiku wa mwisho nikaletewa karatasi nne. Nikasaini juu ya boneti ya gari, kwa tochi ya simu, kalamu ya kuazima. Nikapewa laki tatu, nikashangilia. Ukurasa wa tatu, niliokuja kuusoma miaka minne baadaye, ulisema haki zote ni za watayarishaji milele. Filamu ikauzwa kwenye DVD, ikaoneshwa kwenye televisheni, leo iko YouTube. Mama aliiona stendi ya Nachingwea, sura yangu juu ya kasha, akanipigia: "Mwanangu, mbona hutumi hela?"

Wazazi, jambo hili mnalijua jina. Ni kangomba. Mkorosho ungali na maua, ada inadaiwa, mtu anakuja na fedha mkononi, unampa mavuno ambayo hayajaanguka. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo, wapo walioisikia bei hiyo redioni huku korosho zao zimeshakuwa za mwingine. Na kwetu wasanii, mwaka huo huo Mzee Amri Athumani, King Majuto, aliyeichekesha nchi nzima, alikuwa kitandani, na mikataba yake ya matangazo ikabidi waziri aiundie kamati. Alifariki Agosti 8.

Siku hizi kazi zipo: kuna tamthilia za televisheni za aina ya Huba na Juakali, kuna tamthilia za YouTube zinazopigwa kwa simu uswahilini. Na si lazima muwe waigizaji. Atakayechukua bodaboda ya mkataba ataletewa karatasi, atakayekopa ataletewa, hata atakayeolewa. Soma. Usipoelewa, sema, "Naomba nikalale nayo." Anayekunyima usiku mmoja ameshakujibu.

 



Sasa ahadi: kompyuta mbili. Nimeiandika kwenye karatasi hii, na tarehe ya kuzileta ipo. Mkuu wa Shule, usisaini leo. Nenda kalale nayo.