Kifua Kinapobana na Hospitali Haioni Kitu

(Mazungumzo ya kamati ya afya kwa wanavikundi waliokutana siku ya vikundi vyote)

Tuliombwa tuzungumze juu ya afya, na tunajua wengi mlidhani tutarudia mambo ya vyoo na maji ya kunywa. Leo hapana. Leo tunataka kuzungumza juu ya kifua. Yule mtu anayeshika kifua usiku na kusema, "Nakufa," anakimbizwa hospitali, anapimwa, anaambiwa moyo ni mzima, nenda nyumbani. Naye anarudi nyumbani kifua bado kinamuuma.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Katika kikundi chetu kimoja mweka hazina ni mama wa makamo, mtu wa kuaminika. Mwaka mmoja bonasi ya chai ilitoka kidogo, na wanachama kadhaa walikuwa wamekopa pesa za kikundi wakitegemea bonasi hiyo kulipa. Pesa hazikurudi. Daftari liko kwake, kwa hivyo kila jioni mtu alipita kwake kuuliza, "Zetu ziko wapi?" Usiku mmoja moyo wake ulianza kupiga mbio, kifua kikabana kama kimefungwa kamba, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka. Tukaita boda boda, tukamkimbiza hospitali. Akapimwa presha, akapimwa moyo kwa ile mashine yenye nyaya, akapigwa picha ya kifua. Hakuna kitu. Baada ya wiki mbili ikarudi. Tena hakuna kitu. Mara ya tatu sisi hatukuamka. Tulisema, "Huyo anajifanya, hataki kuulizwa pesa." Wengine wakasema ni kukosa imani. Maneno hayakosi kufika. Alileta daftari kwa mwenyekiti, akalitia juu ya meza, akaacha kikundi.

Kumbe hakuwa anajifanya. Maumivu yale ni ya kweli kabisa, na tungetaka kila mmoja hapa aelewe yanatoka wapi.

Mnajua nduru inapopigwa kijijini usiku. Hakuna anayeuliza kwanza. Watu wanatoka na rungu na tochi, mbwa wanabweka, kila mtu yuko tayari kukimbia au kupigana. Mwili nao una nduru yake. Ukiogopa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutoa kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unapiga haraka ili kupeleka damu kwenye misuli, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi na ya haraka, tumbo linavurugika. Kama ni nyoka au mwizi, hiyo ni msaada mkubwa. Lakini kama ni deni, karo ya Januari, mtoto aliyepotelea mjini au kesi ya shamba, hakuna wa kupigana naye. Nduru imepigwa, watu wametoka na rungu, mwizi haonekani. Nguvu yote hiyo inabaki ndani ya mwili.

Sasa sikilizeni jambo la pumzi, kwa maana hapo ndipo penye siri. Mtu mwenye hofu hupumua haraka kwa kifua cha juu. Ile misuli iliyo katikati ya mbavu inachoka na kuuma, kama vile mgongo unavyouma baada ya kulima kutwa. Tena akipumua hivyo anatoa kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapungua upana, kichwa kinazunguka, midomo na vidole vinachomachoma. Yeye anahisi hewa haitoshi, kwa hivyo anazidi kuivuta. Anazidi kuogopa, na hofu inaongeza mbio za moyo. Ni duara. Mara nyingi hufika kilele kwa muda wa dakika kama kumi hivi, kisha huanza kushuka. Lakini dakika kumi za kungojea kufa si dakika kumi za kawaida.

Na wanaume mliokaa huko nyuma mkitabasamu ati haya ni mambo ya akina mama, wacha tuwaambie. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861 na kuisha 1865, daktari mmoja wa Philadelphia aliyeitwa Jacob Da Costa aliwaangalia wanajeshi zaidi ya 300 waliolalamika kwamba moyo unapiga mbio, kifua kinauma na pumzi inakatika. Aliandika habari zao mwaka wa 1871. Kwa wengi wao hakuona kidonda chochote katika moyo. Hao walikuwa wanaume waliotoka vitani na bunduki.

Lakini tungekuwa waongo kama tungewaambia kila kifua kinachouma ni mawazo. Tuna mzee mmoja tuliyemzika. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, na kila aliposema kifua kinambana akipanda mlima kutoka mtoni, tulimjibu, "Mzee, wacha kufikiria hiyo kesi." Ilikuwa moyo. Kwa hivyo mara ya kwanza kifua kikikubana, usikae nyumbani kupima mwenyewe kama ni hofu au ni moyo. Hata daktari hawezi kujua kwa kukuangalia uso. Nenda upimwe.

Na tena nenda upesi, hata kama uliwahi kuambiwa ni wasiwasi, ukiona maumivu mazito kama umewekewa jiwe katikati ya kifua, yanayokwenda kwenye bega, mkono, shingo au taya, pamoja na jasho baridi, kutapika au kuzimia. Vilevile maumivu yanayokuja ukipanda mlima au ukibeba mzigo na kutulia ukipumzika. Mwenye presha, mwenye sukari, mvutaji wa sigara na aliyepita miaka 40 asicheze na hayo. Kikohozi cha wiki mbili, nenda upimwe makohozi. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingoni pia huufanya moyo upige mbio, na vyote viwili vina dawa. Kile kinachochoma baada ya kula, ukilala kinapanda kooni, mara nyingi ni asidi ya tumbo.

Ukishapimwa vizuri na kuambiwa moyo ni mzima, hapo kazi inaanza. Tunaona watu wanauza mbuzi ili kupimwa kwa mashine ileile mara ya nne. Kila kipimo kinatuliza roho siku tatu, halafu shaka inarudi. Wengine wananunua vidonge vya usingizi dukani bila karatasi ya daktari, au wanameza vya jirani. Baadhi ya vidonge hivyo, kama diazepamu, mwili huvizoea upesi hata usiweze kulala bila hivyo. Pombe nayo inatuliza jioni, lakini asubuhi moyo unapiga mbio kuliko jana. Miraa na kahawa vinaongeza mbio. Chai ya rangi nzito vikombe sita kwa siku pia, na hapa kwetu tunaokuza majani yenyewe hilo ni neno gumu kusema.

Hebu sasa tufanye pamoja. Kaeni sawasawa, miguu yote miwili chini. Weka mkono mmoja juu ya kifua na mwingine juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua, polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu. Mkono wa tumbo ndio unaotakiwa kuinuka, ule wa kifua utulie. Sasa toa pumzi kwa mdomo kama unayepuliza chai ya moto bila kuimwaga, ukihesabu mpaka sita. Usivute pumzi kubwa sana, hilo ndilo kosa la wengi. Pumzi ndogo, ya chini, inayotoka polepole. Tena. Tena. Endeleeni dakika tano, hata wale wanaocheka.

Fanyeni hivi kila siku mkiwa wazima, mkingoja chungu kichemke au kabla ya kulala. Ukingoja mpaka nduru imepigwa ndipo ujifunze, hutaweza. Na ikikujia ukiwa sokoni au ndani ya matatu, usikimbie kama umeshapimwa na unajua ni ile ile. Kaa pale pale, puliza chai yako, uiache ipande na ishuke. Kila mara unapokimbia, mwili unajifunza kwamba pale mahali pana hatari. Yule mama yetu aliacha kwanza matatu, halafu soko, halafu mikutano, mwisho hata kwenda kisimani alimtuma mtoto.

Anayemsaidia mwenzake asimwambie "tulia" kwa ukali. Kaa karibu naye, pumua polepole ili akufuate, ongea kidogo. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie ndani, maana kama ni pumu au ni moyo kweli utamuumiza.

Hayo ni ya dakika kumi. Je, deni lenyewe? Pumzi hailipi karo. Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafundisha akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi, sawa na tunavyosema hapa kwamba fulani "ana mawazo". Nyanya husikiliza, kisha humwuliza mgonjwa achague shida moja tu kati ya zote, na wote wawili watafute hatua ndogo ya kuanza nayo wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopita kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa njia inayokaribiana na hiyo, mikutano mitano, na kupumua polepole ni sehemu yake. Matokeo yake yalitolewa 2017, na wanawake waliosaidiwa walipata nafuu.

Sisi hatukuwa na benchi. Tulikwenda watatu nyumbani kwa mweka hazina, tukaomba msamaha. Hilo halikuwa rahisi, na siku ya kwanza hakutufungulia mlango. Baadaye tulikaa naye tukamwuliza ni lipi lililo zito kuliko yote. Tulidhani ni deni. Akasema ni kuulizwa pesa jioni mbele ya watoto. Basi kikundi kikakata shauri: hakuna mtu kwenda kwa mweka hazina nyumbani kwa habari ya pesa, na daftari linashikwa na watu wawili. Tukaacha pia ile desturi ya kusoma majina ya wenye madeni mbele ya watu wote. Wengine walilalamika kwamba watu hawatalipa. Wengi wamelipa, polepole. Wawili bado.

Mtu ambaye hali hii inamrudia kila wiki, halali, hali, au ameanza kusema ni afadhali asingekuwa hai, msimwachie kikundi peke yake. Mwambieni mhudumu wa afya wa jamii na mmsindikize hospitali siku hiyo hiyo. Yapo mazungumzo ya ushauri, na zipo dawa za wasiwasi ambazo hazifanyi mtu awe mtumwa wake, ingawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na wengi huziacha mapema wakidhani hazifai.

Mweka hazina wetu amerudi. Kifua hakijamwacha kabisa. Mwezi uliopita kilimbana katikati ya kikao, wakati wa kuhesabu michango. Aliweka pesa chini, akashika tumbo, akaanza kupuliza. Mwenyekiti alitaka kuahirisha mkutano, naye akamwashiria kwa mkono akae. Tukangoja. Baadaye akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Zilipungua shilingi 50, zikapatikana chini ya mkeka.