Rafiki wa Ng'ambo Tutamwambia Nini?

Haya ni mazungumzo ya mlezi wa klabu ya mazingira kwa wanafunzi wa skuli moja ya Pemba, waliokuwa wakijiandaa kuandikiana na wanafunzi wa Uingereza. Tumeyachapa kwa ajili yako na klabu yako.

 

Nasikia humu kuna mjadala mkali. Tumepata skuli rafiki, na barua ya kwanza inatakiwa iondoke wiki hii. Wengine mnataka tuombe mipira na kompyuta. Mmoja wenu kaniuliza: "Mwalimu, wao wanavyo, sisi hatuna. Kuna ubaya gani?"

Suali zuri, na kompyuta kweli tunaihitaji. Lakini hebu fikiri. Mtu ndiyo kwanza mmeonana, salamu hamjamaliza, ushamwomba pesa. Kesho atakuona rafiki? Atakupa au atakunyima, basi, mazungumzo yameishia hapo. Hatakuuliza unajua nini. Na sisi tunajua mengi.

TUNACHO CHA KUSEMA

Mchukue popo wetu, yule mkubwa. Hayuko Unguja, hayuko bara, hayuko popote duniani ila Pemba. Akikunjua mabawa hufika kama mita moja na nusu. Zamani aliwindwa sana kwa nyama, na misitu anayolala ilikuwa ikikatwa. Watafiti waliohesabu mwaka 1995 walikadiria wamebaki 4,600 hadi 5,500 tu. Mwaka 1996 akawekwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka.

Ndipo ushirikiano ulipofanya kazi. Shirika la Uingereza, Fauna & Flora International, lilishirikiana na idara ya misitu ya Zanzibar. Lakini nani aliyelinda ile miti mikubwa na yale makaburi ya zamani ambako popo hulala? Nani aliyemwambia jirani yake, "Mzee wangu, hapa hatuwindi tena"? Ni wanavijiji wenyewe, katika klabu zao, kama wale wa Kidike. Hesabu ya mwaka 2007 ilikadiria popo 18,200 hadi 22,100, na mwaka 2008 daraja lake la hatari likashushwa. Mgeni alileta utaalamu, mwenyeji akaleta ulinzi wa kila siku. Kimoja peke yake kisingetosha.

Na usidhani mawazo huja kutoka Ulaya tu. Zile klabu za vijana za Roots & Shoots, ambazo leo ziko nchi nyingi duniani, zilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, pale Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12. Wazo lilitoka huku likaenda huko.

SASA TUULIZANE

Uingereza nako popo wote wanalindwa kwa sheria tangu mwaka 1981. Wao ni wadogo, hula wadudu, na wengine hulala kwenye dari za nyumba. Basi muulize rafiki yako: kwenu popo wakihamia darini, mwenye nyumba anafanyaje? Naye atakuuliza: mkulima wa Pemba anavumiliaje popo anayekula embe zake? Mjibu kweli. Mwambie wako wanaomlalamikia popo, na mwambie pia popo husambaza mbegu za miti ya msituni. Usipambe mambo. Rafiki anayedanganywa si rafiki.

KAZI MOJA, PANDE MBILI

Barua tupu huchosha. Chagueni jambo moja mlihesabu kwa njia ile ile, huku na huko. Kwa mfano:

- Taka za ufukweni. Pimeni mita 50, siku ile ile kila mwezi. Hesabuni chupa, kamba, viatu na mifuko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Je, bado mnaiokota?

- Mikoko. Usijisifu kwa miche uliyopanda. Hesabu iliyo hai baada ya miezi sita. Mche uliopandwa penye mawimbi makali au tope lisilo lake utakufa. Waulizeni wazee wa pwani mkoko huota wapi, mchu wapi, mlilana wapi. Elimu hiyo ndiyo ya kumwandikia mwenzako.

Na ukikuta nusu ya miche imekufa? Andika hivyo hivyo. Takwimu ya uongo haimsaidii yeye wala mkoko.

AFYA YAKO KWANZA

Kazi ya mazingira isikurudishe nyumbani mgonjwa.

- Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono, awe hai au amekufa. Huweza kubeba maradhi. Tunda alilolitafuna usile. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

- Usiingie kwenye mto au bwawa bila kinga ukisema unachunguza maji. Kichocho hupenya kwenye ngozi yako ukiwa ndani ya maji baridi wanamoishi konokono wake. Ukiona damu kwenye mkojo usione haya, nenda ukapimwe. Dawa ipo.

- Ukiokota taka vaa viatu na glavu. Bomba la sindano na vigae vya chupa usivishike, mwite mtu mzima.

- Barua zipite kwa klabu na mwalimu. Usimpe mtu usiyemjua anwani ya nyumbani wala picha zako za faragha. Ya mwenzako pia usiitume bila ridhaa yake. Mtu akikuomba siri, au akikutaka mkutane peke yenu, mwambie mzazi au mwalimu mara moja.

JE, TUSIOMBE KABISA?

Sikusema hivyo. Siku itafika mtahitaji vifaa, nao pia watakuwa na mahitaji yao. Wakati huo mtakuwa mnajuana. Mtakaa mpange: kazi yetu inataka nini, nani ataleta nini, nani atatunza daftari la hesabu. Sisi tutaleta miche, maarifa ya wazee na nguvu zetu. Wao wataleta walichonacho. Huko ni kupanga kazi ya pamoja, na mtu hapungukiwi heshima yake.

Kwa hiyo barua ya kwanza iwe fupi. Sisi ni nani. Tunaishi wapi. Tumehesabu nini mwezi huu. Na masuali matatu ambayo kweli tunataka kujua majibu yake.

Nawe msomaji, iwe uko Wete, Mkoani au Micheweni: klabu yako imehesabu nini mwezi huu? Kama bado, chukueni kamba ya mita 50 mteremke pwani. Rafiki wa ng'ambo akipatikana, mtakuwa na la kumwambia.