Mahindi, Petroli na Mitambo Inayojiongoza



Kwa mtu aliyelelewa katika nchi ambayo mahindi ni ugali, ni makande na ni uji wa mtoto, habari kwamba mahindi hutiwa katika tangi la motokaa husikika kama mzaha. Lakini si mzaha hata kidogo. Nchini Marekani, zaidi ya theluthi moja ya mahindi yanayovunwa hupelekwa katika viwanda vinavyotengeneza ethanoli, yaani pombe kali isiyonywewa, ambayo huchanganywa na petroli. Viwanda hivyo, ambavyo vingi viko katika majimbo ya Iowa, Nebraska, Illinois na jirani zake, hutoa ethanoli ipatayo lita bilioni 60 kwa mwaka.

Jambo hili lilianza kupata nguvu baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza kodi kwa petroli iliyochanganywa na pombe, na sheria za mwaka 2005 na 2007 zikawalazimisha wauzaji wa mafuta kuchanganya kiasi maalumu kila mwaka. Tangu hapo ethanoli ikawa biashara kubwa, na penye biashara kubwa hapana budi swali la upotevu liulizwe: katika kila gunia linaloingia kiwandani, ni kiasi gani kinachotoka kikiwa mafuta, na ni kiasi gani kinachopotea njiani?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kwanza kujua kazi yenyewe inavyokwenda. Si kazi ngeni sana. Yeyote aliyemwona mama akitengeneza pombe ya kimea ameuona msingi wake. Mahindi husagwa, yakachanganywa na maji, yakapashwa moto wa nyuzi 85 za sentigredi hivi. Katika uji huo hutiwa vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni ileile ya kimea: kuukata wanga uwe sukari. Kisha uji hupozwa hadi nyuzi 32 hivi, ukatiwa chachu, ukaachwa katika matangi makubwa kwa muda wa siku mbili au tatu. Chachu huila sukari na kutoa pombe na hewa ya kaboni. Mwisho uji huo hukenekwa katika minara mirefu, kwa kuwa pombe huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, hivyo mvuke wa pombe hutangulia kupanda. Mtu aliyepata kuona gongo likipikwa kichakani hahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba kukeneka peke yake hakuwezi kuyaondoa maji yote. Pombe ikifika asilimia 95 hivi, maji yaliyobaki huondolewa kwa kupitisha mvuke katika punje za madini ya zeoliti, ambazo huyanyonya maji na kuiacha pombe. Masalio, yaani machicha, hukaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha mifugo. Kwa uzito, karibu theluthi moja ya mahindi hurudi kwa njia hiyo.

Sasa, katika kila hatua ya safari hiyo kuna mwanya wa hasara. Joto likizidi nyuzi 35 katika matangi ya chachu, chachu huanza kudhoofika. Usafi ukilegea, vijidudu vinavyotengeneza asidi huingia, vikaila sukari iliyokusudiwa kuwa pombe. Ikiwa vimeng'enya ni vichache, wanga hubaki bila kukatwa. Na vikizidi, fedha zimetupwa bure. Baadhi ya matangi hayo hubeba zaidi ya lita milioni mbili. Kosa la saa chache katika tangi moja halitazamwi tena kama kosa dogo.

Katika viwanda vya zamani, kazi ya kuziba mianya hiyo ilikuwa ya fundi wa zamu. Alizunguka na daftari, akasoma kipimajoto hiki na kile, akafungua vali kwa mkono, akaifunga. Fundi hodari aliweza kujua hali ya tangi kwa harufu tu. Lakini hata fundi hodari hawezi kuwa mahali kumi kwa wakati mmoja. Tena fundi wa usiku hafanyi kama fundi wa mchana, na tangi la leo halikufanana na tangi la jana.

Mwaka 1975 yalitokea mabadiliko makubwa. Kampuni ya Honeywell ya Marekani na ile ya Yokogawa ya Japani zilitoa mitambo ya kuongoza viwanda kwa kompyuta ndogondogo zilizotawanywa kiwandani, zote zikipeleka habari katika chumba kimoja. Kanuni yake ni nyepesi. Kipimo husoma joto, mgandamizo au kina. Kompyuta hulinganisha kilichosomwa na kilichotakiwa. Vali ikafunguliwa au kufungwa kwa kadiri ya tofauti iliyoonekana. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena, usiku na mchana, bila kusinzia. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, wahandisi wa viwanda vya kusafisha mafuta, miongoni mwao Charles Cutler wa Marekani, walibuni njia ya kuiwezesha kompyuta isingoje kosa litokee. Hupewa hesabu za tabia ya mtambo, ikatabiri hali itakavyokuwa baada ya muda, ikarekebisha mapema. Baadaye njia hiyo iliingia katika viwanda vya ethanoli.

Faida yake huonekana vizuri katika mfano wa maji. Kanuni za Marekani huruhusu ethanoli ya mafuta iwe na maji yasiyozidi asilimia moja. Fundi ambaye mtambo wake huyumbayumba hathubutu kuukaribia mpaka huo, kwa kuwa akiuvuka, shehena nzima itakataliwa. Kwa hiyo huyaondoa maji kupita inavyotakiwa, na kila tone la ziada analoliondoa humgharimu mvuke. Ni kama dereva aendeshaye usiku kando ya korongo: asipouona ukingo, hukaa mbali nao. Mtambo ukitulia, ukingo huonekana, na kiwanda huweza kufanya kazi karibu na mpaka bila hofu. Ndivyo ilivyo pia kwa machicha. Kuyakausha hula sehemu kubwa ya gesi yote ya kiwanda, na yakikaushwa kupita kiasi, gesi imeteketea na uzito wa kuuza umepungua.

Watu wengi hudhani kwamba faida kubwa ya mitambo ya namna hii ni kupunguza wafanyakazi. Ni kweli kwamba kiwanda kikubwa cha ethanoli huweza kuendeshwa na watu wapatao hamsini tu. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni huko kuondoa mayumbo.

Matokeo yake yamo katika hesabu. Kipimo cha mahindi cha Marekani, kiitwacho busheli, ni kilo 25 na kidogo. Zamani busheli moja ilitoa lita tisa na nusu hivi za ethanoli; siku hizi hutoa karibu lita 11. Hapana budi kusema kwamba mbegu bora, vimeng'enya vipya na usagaji mzuri vimechangia sana, wala sifa yote si ya kompyuta. Lakini bila kipimo kinachosomwa kila dakika, hakuna ambaye angejua ni kimeng'enya kipi kimesaidia na kipi kimeuzwa kwa maneno matupu. Mali bila daftari huisha bila habari, na vipimo hivyo ndivyo daftari la kiwanda.

Chukua kiwanda kimoja kinachotoa lita milioni 380 kwa mwaka. Kiwanda hicho hula karibu tani 880,000 za mahindi. Kikipata ufanisi wa asilimia moja tu, ethanoli ileile itapatikana kwa mahindi pungufu ya tani 8,800. Ikikadiriwa kwamba mtu mmoja hula kilo 100 za mahindi kwa mwaka, hicho ni chakula cha watu 88,000. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa asilimia moja ni chakula cha mji mzima.

Lakini hapo ndipo lilipo swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu. Je, mahindi hayo yaliyookolewa yalibaki kuwa chakula? Katika msimu wa 2000, viwanda vya ethanoli vya Marekani vilitumia mahindi yapatayo tani milioni 16. Katika msimu wa 2010 vilitumia zaidi ya tani milioni 120. Katika muda uleule ambao kila kiwanda kilijifunza kupoteza kidogo, mahindi yaliyochomwa katika motokaa yaliongezeka zaidi ya mara saba. Sababu haikuwa mtambo. Sababu ilikuwa sheria iliyotaka mafuta hayo, pamoja na bei ya petroli iliyoyafanya yalipe.

Mwaka 2007, wakati bei za vyakula zilipokuwa zikipanda na wananchi wa Mexico walipoandamana kwa sababu ya bei ya mikate yao ya mahindi, Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa katika haki ya chakula, alitaka shughuli ya kugeuza chakula kuwa mafuta isimamishwe kwa miaka mitano. Watetezi wake walijibu kwamba mahindi hayo ni ya mifugo hasa, kwamba machicha hurudi zizini, na kwamba mkulima wa Iowa naye ana haki ya bei nzuri. Hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo, mwaka 2012, ukame ulipoyakausha mashamba ya Marekani, bei ya mahindi ilipaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtambo hamjui yeyote kati yao. Hutimiza lengo ulilopewa, liwe jema au baya, kwa ufanisi uleule.

Kuna na onyo la pili, nalo linahusu ujuzi. Mwezi Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Texas City, mnara wa kukenekea ulijaa kupita kiasi wakati kipimo cha kina kikionyesha kwamba kina kinapungua. Mlipuko uliofuata uliwaua watu 15. Kiwanda hicho kilikuwa na chumba cha kuongozea mitambo na kilikuwa na kompyuta. Kilichokosekana ni kipimo kilichotunzwa, na mtu wa kukiuliza kipimo kama kinasema kweli. Kwa hiyo viwanda vya ethanoli vilivyo makini bado huwatuma watu wachote uji katika matangi na kuupima maabara, ili neno la mtambo lilinganishwe na neno la pili.

Ndugu walimu, mwanafunzi anayefundishwa kusoma kipimajoto lazima afundishwe pia kukitilia shaka pale inapostahili. Na ndugu watumishi, karatasi ya kuomba mtambo mpya ikifika mezani, haitoshi kuuliza mtambo huo utaokoa kiasi gani. Yafaa pia kuulizwa kilichopotea kilipimwa kwa kitu gani, nani atakayevitunza vipimo hivyo baada ya mafundi wageni kuondoka, na kitakachookolewa kitakwenda kwa nani. Maswali mawili ya kwanza mhandisi anaweza kuyajibu. La mwisho ni la wenye kutunga sheria na wenye kuzitekeleza, na hakuna mtambo utakaowapunguzia kazi hiyo.